Ngwe, Msaragambo na Ubia: Istilahi za Ukokotoaji wa Pamoja katika Utafiti wa Kisayansi

Ikisiri

Tangu katikati ya miaka ya 1990, wanasayansi wamekuwa wakiziunganisha tarakilishi zilizotawanyika katika miji na nchi mbalimbali ili zitekeleze kwa pamoja kazi ambazo tarakilishi moja isingeziweza kwa wakati ufaao. Katika mijadala ya Kiswahili mbinu hii ama huachwa bila jina, ama hufunikwa yote kwa neno moja la jumla kama vile "harambee". Makala haya yanahoji kwamba Kiswahili kina msamiati wa kazi ya pamoja unaotofautisha aina za ushirikiano kwa undani, na kwamba tofauti hizo ndizo hasa zinazohitajika katika kuieleza taaluma hii. Kwa kuchunguza miradi ya SETI@home, climateprediction.net, gridi ya CERN na MalariaControl.net, makala yanaonyesha kuwa uteuzi wa istilahi huamua iwapo msomaji ataona ni nani anayechangia, ni nani anayemiliki na ni nani anayefaidi.

Utangulizi

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kueleza sayansi na teknolojia umekuwa mrefu, na mara nyingi umeishia katika neno moja moja. Wapo waliotetea "tarakilishi", wapo waliotetea "ngamizi", na wasemaji wengi wakaendelea kusema "kompyuta" bila kungoja uamuzi wa wataalamu. Mjadala huo una manufaa yake. Hata hivyo, kulijua jina la kifaa si sawa na kuyajua maarifa yanayokihusu. Programu ya Jambo OpenOffice ilipotolewa nchini Tanzania mwaka wa 2004, ilithibitisha kuwa mtu anaweza kufungua faili, kuihifadhi na kuichapisha kwa kufuata maelekezo ya Kiswahili. Kazi iliyosalia, na ambayo ni ngumu zaidi, ni kueleza dhana: ni nini kinachotokea tarakilishi laki moja, kila moja ikiwa katika nyumba ya mwenyewe, zinapotafuta jibu la swali moja?

Dhana hiyo ndiyo inayoitwa hapa ukokotoaji wa pamoja. Inajitokeza kwa sura mbili kuu. Sura ya kwanza ni ile ambapo watu binafsi hutoa muda wa tarakilishi zao kwa hiari ili kuwasaidia watafiti. Sura ya pili ni ile ambapo vyuo vikuu na taasisi huunganisha vituo vyao vya tarakilishi kwa makubaliano rasmi. Sura hizi hufanana kwa mbali, lakini haki na wajibu wa wahusika hutofautiana sana. Kuzitofautisha kunahitaji maneno, na maneno hayo yamo katika Kiswahili.

Msamiati wa Kazi ya Pamoja

Jamii za Afrika Mashariki zilikuwa na taratibu za kusaidiana kazi kabla ya kuja kwa mashine. Wakikuyu wana ngwatio, Wakamba wana mwethya, na Abagusii wana risaga. Kiswahili nacho kina maneno kadhaa ambayo aghalabu huchukuliwa kuwa visawe, ilhali sivyo.

Harambee ni wito wa kuvuta kwa pamoja. Tangu Jomo Kenyatta alipoufanya kuwa wito wa taifa mwaka wa 1963, maana yake nchini Kenya imeegemea zaidi katika kuchanga fedha: za kujengea shule, za kulipia karo, za kumtoa mgonjwa hospitalini. Anayechanga hutoa, na mchango wake ukishaingia kapuni hana tena mamlaka juu yake. Pale ambapo harambee ilikosa uwajibikaji, iligeuka kuwa mzigo, hata Sheria ya Maadili ya Maafisa wa Umma ya mwaka wa 2003 ikaweka mipaka kuhusu namna maafisa wa umma wanavyoweza kushiriki.

Msaragambo, neno linalofahamika hasa upande wa Tanzania, ni kazi ambayo wanakijiji huitwa kuifanya bila malipo kwa manufaa ya wote: kuchimba kisima, kufyeka njia, kujenga zahanati. Hapa kinachotolewa ni nguvu na muda, si fedha. Ujima unakaribiana na msaragambo, ila umebeba pia maana ya kihistoria ya mfumo mzima wa uzalishaji mali, na kwa sababu hiyo unaweza kumtatanisha msomaji. Kikoa, katika desturi za pwani, ni kula kwa kuchangiana au kwa zamu; siku hizi neno hili limepewa kazi mpya katika istilahi "jina la kikoa", yaani anwani ya tovuti. Ubia, kutokana na neno bia, ni ushirika wa watu wenye hisa zinazojulikana na mapatano yanayowafunga.

Kwa hiyo, kila neno kati ya haya hujibu maswali matatu kwa namna yake: Kinachotolewa ni nini? Je, mtoaji anaweza kujiondoa apendapo? Na mavuno ni ya nani? Maswali hayohayo matatu yanafaa kuulizwa kuhusu kila mradi wa ukokotoaji wa pamoja.

Kazi Inayogawanyika na Isiyogawanyika

Kabla ya kuwaita watu kazini, sharti ijulikane kama kazi yenyewe inagawanyika. Magunia kumi ya mahindi yanaweza kupukuchuliwa na watu kumi walioketi mbalimbali, kwa maana punje za mmoja hazitegemei punje za mwingine. Sufuria moja ya mchuzi haigawanyiki hivyo. Ndipo wahenga wakasema kuwa wapishi wengi huharibu mchuzi.

Katika sayansi, mfano wa mahindi ni utafutaji wa namba tasa za Mersenne, yaani namba tasa zinazopatikana kwa kuzidisha mbili kwa mbili mara nyingi kisha kutoa moja. Kila namba inayoshukiwa hupimwa peke yake. Mradi wa GIMPS, ulioanzishwa na George Woltman mwaka wa 1996, uliwagawia watu namba za kupima kupitia intaneti. Mnamo Oktoba 2024 mradi huo ulitangaza namba tasa yenye tarakimu 41,024,320, ambayo ilikuwa kubwa kuliko namba tasa zote zilizokuwa zimejulikana hadi wakati huo.

Mfano wa mchuzi ni utabiri wa hali ya hewa. Ili kutabiri mvua ya kesho, anga hugawanywa katika vyumba vidogo vidogo, na katika kila hatua ya hesabu chumba kimoja lazima kijue joto, upepo na unyevu wa vyumba jirani. Tarakilishi zinazofanya kazi hiyo hulazimika kupashana habari bila kukoma. Kama moja iko Nairobi na nyingine iko Tokyo, muda mwingi utapotea katika kungojana. Ndiyo maana kazi za namna hii hupelekwa kwenye tarakilishi kuu, ambamo maelfu ya vichakataji vimeunganishwa kwa nyaya fupi zenye kasi ndani ya jengo moja.

Hata hivyo, wakati mwingine swali huweza kuulizwa upya ili ligawanyike. Mradi wa climateprediction.net, ulioanzishwa na Chuo Kikuu cha Oxford mwaka wa 2003, haukuigawa dunia vipande. Kila mshiriki alipewa dunia nzima, yaani modeli kamili ya tabianchi, lakini yenye viwango vilivyobadilishwa kidogo katika mambo yasiyojulikana kwa hakika, kama vile namna mawingu yanavyojiunda. Matokeo ya kwanza, yaliyochapishwa mwaka wa 2005 kutokana na modeli zaidi ya 2,000, yalionyesha kuwa kiwango cha hewa ya kaboni kikiongezeka maradufu, ongezeko la joto katika modeli hizo laweza kuwa chini kidogo ya nyuzi 2 za Selsiasi au likapita nyuzi 11. Upana huo wa majibu ndio uliokuwa fundisho, na usingeonekana kwa kuendesha modeli moja tu kwa ustadi mkubwa.

Ngwe za SETI@home

Mradi ulioitambulisha mbinu hii kwa umma ni SETI@home, uliozinduliwa na Chuo Kikuu cha California, Berkeley, tarehe 17 Mei 1999. Swali lake lilikuwa moja: je, kati ya mawimbi ya redio yatokayo angani, imo ishara iliyotungwa na viumbe wenye akili? Mawimbi hayo yalinaswa na darubini ya redio ya Arecibo, Puerto Rico, yenye sahani ya kipenyo cha mita 305. Yalirekodiwa kwenye kanda, kanda zikasafirishwa hadi Berkeley, na huko yakakatwakatwa ili yagawiwe washiriki.

Namna ya kukata inastahili kuangaliwa kwa karibu. Masafa yaliyorekodiwa yalikuwa na upana wa megahezi 2.5. Upana huo uligawanywa sehemu 256, na kila sehemu ikakatwa katika vipande vya muda wa sekunde 107 hivi. Vipande viliachwa viingiliane kidogo mipakani, ili ishara iliyoangukia ukingoni isipotee kati ya wawili. Mshiriki alipokea kipande kimoja, tarakilishi yake ikakichunguza wakati mwenyewe hayupo mezani, ikarejesha jibu na kuomba kingine.

Kiingereza hukiita kipande hicho kwa maneno yenye maana ya kizio cha kazi. Kiswahili kina neno lililo bora zaidi: ngwe. Ngwe ni sehemu ya shamba iliyopimwa na kukabidhiwa mtu mmoja ailime, na pia ni kamba inayotumiwa katika kupima. Ndani ya neno hilo moja mna mambo yote manne yanayohitajika: shamba kubwa ambalo ni la pamoja, kipimo kinacholingana, mlimaji mmoja, na mpaka unaojulikana. Mwanafunzi akiambiwa kuwa SETI@home iligawa anga katika ngwe, hatahitaji maelezo ya ziada.

Kwamba mradi ulitegemea muda ambao tarakilishi imewashwa bila kutumiwa pia si jambo geni kulieleza. Jungu kuu halikosi ukoko, na tarakilishi za mezani zilikuwa jungu kuu lililoachwa jikoni likiwa na ukoko mwingi. Zaidi ya watu milioni 5 walishiriki kwa nyakati mbalimbali. Mradi uliacha kugawa ngwe tarehe 31 Machi 2020, na darubini ya Arecibo ikaporomoka tarehe 1 Desemba mwaka huohuo. Katika miaka hiyo yote haikuthibitishwa ishara yoyote ya viumbe wengine.

Je, jembe lilipigwa bure? La hasha. Kutokana na mradi huo ulizaliwa mfumo wa BOINC, programu huria inayomwezesha mtafiti yeyote kugawa ngwe zake na mshiriki yeyote kuchagua shamba la kulima. Mradi wa Einstein@Home, ulioanza mwaka wa 2005, hutumia mfumo huo. Mnamo 2010 tarakilishi za washiriki wa Marekani na Ujerumani ziligundua pulsa, yaani nyota inayozunguka kwa kasi huku ikitoa mipigo ya redio, katika data zilizotoka Arecibo kulekule.

Mali Bila Daftari

Mtu anapomwajiri kibarua humwona akifanya kazi. Katika ukokotoaji wa kujitolea mtafiti hamwoni mshiriki wala mashine yake. Mashine inaweza kuwa imepata joto jingi ikakosea hesabu. Mshiriki naye anaweza kuwa mdanganyifu, kwani miradi hii hutoa alama kwa kila ngwe iliyokamilika na kupanga majina ya washiriki kwa jumla ya alama zao. Wapo waliorejesha majibu ya uongo ili wapande ngazi. Nazi mbovu harabu ya nzima: jibu moja bovu likiingia kapuni laweza kuharibu hitimisho la utafiti mzima.

Dawa iliyopatikana inafanana na ile ya vikundi vya kuweka akiba, ambapo fedha huhesabiwa na zaidi ya mtu mmoja. Ngwe moja hutolewa kwa tarakilishi mbili au zaidi zisizojuana. Majibu yakiafikiana hukubaliwa na alama hutolewa. Yakitofautiana, ngwe hiyo hupelekwa kwa wa tatu. Bila shaka utaratibu huu hupoteza sehemu ya nguvu, kwa kuwa kazi moja hufanywa mara mbili. Lakini mali bila daftari hupotea bila habari, na katika sayansi jibu lisilothibitishwa si mali.

Lipo pia daftari la upande wa mshiriki. Tarakilishi inayokokotoa hula umeme zaidi kuliko iliyopumzika, na bili ni ya mwenye nyumba. Hali kadhalika, mshiriki huikubali programu ya mradi kwa kujua, na anaweza kuiondoa wakati wowote. Ridhaa ndiyo inayotenga mbinu hii na uhalifu wa kuingiza kwa siri programu katika tarakilishi za watu ili zimkokotolee mwingine fedha za kidijitali. Kazi ya mashine katika hali zote mbili yaweza kufanana, lakini moja ni msaragambo na nyingine ni wizi. Istilahi isiyobeba ridhaa ndani yake haitoshi.

Nguvu ya ridhaa ilionekana mwanzoni mwa mlipuko wa UVIKO-19. Mradi wa Folding@home, ulioanzishwa katika Chuo Kikuu cha Stanford mwaka wa 2000 ili kuchunguza jinsi protini zinavyojikunja, uliomba msaada wa kuchunguza protini za virusi vipya vya korona. Kufikia Aprili 2020 tarakilishi za washiriki, zikijumlishwa, zilipita kiwango cha hesabu bilioni mara bilioni moja kwa sekunde. Tarakilishi kuu ya kwanza kutambuliwa rasmi kuwa imefika kiwango hicho, Frontier ya Marekani, ilifanya hivyo mwaka wa 2022.

Gridi na Ubia

Sura ya pili ya ukokotoaji wa pamoja ina jina lililotokana na umeme. Mwaka wa 1998 Ian Foster na Carl Kesselman walihariri kitabu kilichoeneza wazo la gridi: kwamba siku moja mtafiti angepata nguvu za ukokotoaji kama apatavyo umeme, bila kujua zinatoka katika kituo gani. Inafaa kutajwa kuwa hata Kiingereza hakikuwa na neno tayari kwa dhana hii. Kilichofanyika ni kuazima sitiari kutoka taaluma jirani. Wale wanaodai kuwa Kiswahili hakifai kwa sayansi kwa sababu hulazimika kutumia sitiari husahau kuwa lugha zote hufanya hivyo.

Gridi iliyo mashuhuri zaidi ni ile inayohudumia kituo cha utafiti wa chembe cha CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa. Mtambo wake mkuu wa kugonganisha chembe, uliowashwa Septemba 2008, hutoa data nyingi kiasi kwamba kituo kimoja hakiwezi kuzihifadhi wala kuzichambua zote. Data hupokewa kwanza CERN, kisha hugawiwa vituo vikubwa vya daraja la kwanza, na kutoka hapo vituo vya daraja la pili, ambavyo vingi viko katika vyuo vikuu. Kwa jumla ni vituo 170 hivi katika nchi zaidi ya 40. Ugunduzi wa chembe ya Higgs, uliotangazwa tarehe 4 Julai 2012, ulitegemea kazi ya gridi hiyo.

Je, huu nao ni msaragambo? Hapana. Kila kituo kimo katika mapatano ya maandishi na huahidi kwa kila mwaka kiasi cha vichakataji na hifadhi kitakachotoa. Hakiwezi kujiondoa usiku mmoja kama mshiriki wa SETI@home aliyechoka. Nao wanasayansi wa taasisi zilizomo huzifikia data na majina yao huandikwa katika machapisho. Wajibu unaojulikana na fungu linalojulikana ndiyo sifa za ubia. "Gridi" ni jina la mtambo. "Ubia" ni jina la uhusiano wa watu walio nyuma ya mtambo. Mwanafunzi anahitaji yote mawili.

Ubia huu pia usichanganywe na huduma za "wingu" zilizoenea baada ya kampuni ya Amazon kuanza kukodisha tarakilishi zake kupitia mtandao mwaka wa 2006. Anayelipa ili atumie mashine ya mwingine ni mpangaji.

Kisima cha Nani? Mfano wa MalariaControl.net

Umuhimu wa kutenga istilahi hizi unadhihirika zaidi katika mradi unaohusu maisha ya watu wa Afrika Mashariki. MalariaControl.net ulifunguliwa kwa umma mwaka wa 2006 na Taasisi ya Kitropiki ya Uswisi chini ya mpango ulioitwa Africa@home, ambao CERN ilishiriki kuuanzisha. Ulifungwa mwaka wa 2016. Kazi yake ilikuwa kuigiza kwenye tarakilishi kijiji chenye watu na mbu: nani anaumwa, kinga yake inakuaje, anapata dawa lini, na nini kinabadilika vyandarua au chanjo vikiletwa. Kuigiza kijiji mara moja hakutoshi, kwa sababu kuumwa na mbu ni jambo la bahati. Sharti kiigizwe maelfu ya mara kwa viwango tofauti, na kila uigizaji ni ngwe inayojitegemea. Kazi hiyo ilifaa kabisa kwa tarakilishi za kujitolea.

Modeli hiyo haikutungwa hewani. Ilijengwa juu ya takwimu za nyanjani, zikiwemo zilizokusanywa katika vijiji vya bonde la Kilombero, Tanzania, kama vile Namawala, jirani na Ifakara, ambako taasisi hiyo ya Uswisi ilifungua maabara mwaka wa 1957. Huko wapo watu waliochomwa vidole ili damu ipimwe, na wapo waliowanasa mbu usiku kucha ili wahesabiwe. Baadaye modeli iliyotokana na kazi hiyo, iitwayo OpenMalaria, ilikuwa mojawapo ya modeli nne zilizolinganishwa katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 kuhusu manufaa ya chanjo ya RTS,S. Mnamo Septemba 2019 watoto wa magharibi mwa Kenya walianza kupewa chanjo hiyo kwa majaribio ya utekelezaji, na mwaka wa 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa matumizi mapana.

Yaulizwe sasa maswali yale matatu. Kilichotolewa ni nini? Wenye tarakilishi walitoa muda na umeme. Wanavijiji wa Kilombero walitoa damu na usiku wao. Nani angeweza kujiondoa? Mwenye tarakilishi, kwa kubofya mara moja. Mwanakijiji aliyekwisha kuhesabiwa hakuwa na la kubofya. Na mavuno ni ya nani? Watoto wa Kenya, Ghana na Malawi waliofikiwa na majaribio ya chanjo ni sehemu ya mavuno, na hayo si madogo. Lakini alama ziliandikwa kwa majina ya wenye tarakilishi. Wanavijiji hawakuwa na safu katika orodha hiyo.

Je, ni kwa nini Waafrika wa Mashariki hawakuweza kuwa walimaji wa ngwe kwa urahisi? Mradi ulipofunguliwa mwaka wa 2006, pwani ya Afrika Mashariki haikuwa na waya hata mmoja wa mawasiliano uliopita chini ya bahari. Intaneti ilitegemea setilaiti, na ilikuwa ghali. Waya wa SEACOM ulianza kazi Julai 2009, nao wa TEAMS ukafika Mombasa mwaka huohuo. Hata baada ya hapo, msaragambo wa tarakilishi humtaka mtu awe na mashine inayoweza kuachwa imewashwa, umeme usiokatika na uwezo wa kulipa bili. Jambo linaloitwa hiari lina kiingilio chake.

Neno "harambee" lingeufunika ukweli huu wote kwa blanketi moja la sifa. Neno "msaragambo", likitumiwa kwa uangalifu, linalazimisha swali lisilokwepeka: kisima kinachimbwa katika kijiji gani, na wanaochota ni akina nani? Neno "ubia" nalo linafunua jambo ambalo halikuwepo: wanavijiji waliotoa takwimu hawakuwa wabia kwa maana halisi ya neno hilo.

Mapendekezo

Kwa mintarafu ya hoja zilizotolewa, istilahi zifuatazo zinapendekezwa kwa walimu, wafasiri na watunga kamusi:

(a) Ukokotoaji wa pamoja: jina la jumla la kazi yoyote ya hesabu inayogawiwa tarakilishi nyingi zilizotawanyika.

(b) Ukokotoaji wa msaragambo: ule unaotegemea tarakilishi za watu binafsi wanaojitolea, wanaoweza kujiondoa wapendapo.

(c) Ukokotoaji wa ubia: ule unaofanywa na taasisi zilizofungana kwa mapatano. Mtambo wenyewe uendelee kuitwa gridi.

(d) Ngwe: kipande cha kazi kilichopimwa na kukabidhiwa tarakilishi moja.

(e) Ngwe pacha: nakala za ngwe moja zinazogawiwa tarakilishi tofauti ili majibu yalinganishwe.

Yamkini kuna watakaopinga neno msaragambo kwa kuwa katika enzi ya ukoloni kazi za pamoja za vijijini mara nyingi zilikuwa za kulazimishwa. Pingamizi hilo lina uzito. Hata hivyo, kumbukumbu hiyo yaweza kuwa kinga: neno linalomkumbusha msomaji kuwa kazi ya pamoja huweza kugeuka shuruti litamfanya aulizie ridhaa kila mara. Wengine watasema kuwa ngwe ni neno la wakulima na halilingani na maabara. Hao wakumbuke kuwa sayansi ya Kiingereza haioni haya kusema juu ya nyuga, mizizi na matawi.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kuwa ukokotoaji wa pamoja unaweza kuelezwa kwa Kiswahili bila kupunguza ukweli wake, na kwamba msamiati wa shamba, kisima na ushirika unafichua mambo ambayo lugha ya mitambo peke yake huyaacha gizani. Kazi iliyobaki haiwezi kufanywa na wanafunzi wa Kiswahili peke yao. Istilahi zilizopendekezwa zinapaswa kupelekwa katika idara za sayansi ya tarakilishi, zijaribiwe katika mihadhara, zikosolewe na zirekebishwe. Itakapofika siku ambapo takwimu nyingine za Namawala, au za kijiji chochote cha Kenya, zinahitaji kukokotolewa, wenye kijiji waelezwe kwa lugha wanayoielewa ni ngwe zipi zinazolimwa, ni nani anayezilima, na fungu lao katika mavuno ni lipi.